Dakika Tatu

Kazi yangu ni kengele.
Naketi kushoto kwa mwenyekiti, jumba la jiji, Milwaukee,
na saa ya tarakimu nyekundu mbele yangu.
Kila mkazi dakika tatu. Zikiisha, nagonga.

Jioni hii ni shauri la kumi na saba:
ghorofa sita, nyumba mia na kumi na nne,
pale palipokuwa ukumbi wa Wojtas wa kuviringisha mipira,
ambako nilivunjika kidole nikiwa na miaka tisa.
Nje theluji yaanguka bila haraka.
Ndani makoti yananuka sufu mbichi.

Msanifu ametangulia. Ana picha ukutani:
miti iliyokwisha kukomaa, mwanamke akikimbia na mbwa,
kiangazi kisicho na mbu.
Kivuli cha jengo, anasema, kitafika mtaa wa pili
Desemba tu, tangu saa nane hadi jua kuzama.
"Tu," nimeandika.
Neno fupi, ila nalo lina kivuli chake.

Bi Halina Brzozowska amekataa kiti.
"Mvua ya Juni, majitaka yalipanda ngazi za chumba changu cha chini
kama mgeni aliyealikwa.
Bomba ni lile lile alilolifukia babu yangu.
Leo mnataka kulitwisha watu mia tatu?"
Nikagonga.
"Kengele hiyo," akasema, "haizibi bomba."
Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, kinyume cha kanuni.

Bwana Tou Ger Vang, mwenye duka la mboga, alileta daftari.
Maegesho sitini kwa nyumba mia na kumi na nne:
hesabu hiyo, alisema, mwanawe wa darasa la pili angeirudisha na alama nyekundu.
Kisha mwanamume wa koti la kahawia, aliyetaja jina harakaharaka:
"Sina neno na jengo. Nina neno na aina ya watu."
Hakuna aliyekohoa.
Nikaandika "aina" kama ilivyotamkwa, bila kuivisha nguo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Hapa mwenyeji anauliza ataponea wapi,
na mgeni hajapewa hata zamu ya kubisha hodi.

Mpaka aliposimama Yesenia Otero,
sare ya hospitali chini ya koti, viatu vimelowa.
"Tangu Machi nalala kwenye kochi la dada yangu.
Ninyi mnalilia jua la Desemba. Sawa, ni haki yenu.
Mimi nalilia ufunguo."
Sekunde arubaini.
Hakurudi kuketi. Alibaki pale kwenye kipaza sauti,
mikono mifukoni, akiwatazama wajumbe mmoja mmoja,
na tarakimu nyekundu zikateremka.
Mwenyekiti alinigeukia. Nikaitazama saa.
Muda ulikuwa wake.

Mkobani mwangu mna barua ya mwenye nyumba:
dola mia mbili zaidi kuanzia mwezi wa nne,
na mwishoni "kwa heshima", kwa herufi za kulala.
Karani hana dakika tatu.
Karani hupiga chapa.

Wajumbe wakajadili rangi ya matofali nusu saa nzima.
Kura nne kwa tatu: liahirishwe,
majitaka yapimwe upya, turudi barafu ikiyeyuka.
Hakuna aliyeshangilia. Watu walitafuta glavu zao chini ya viti.
Kituoni nilimwona Bi Halina akimwuliza yule msichana jambo,
msichana akatikisa kichwa; basi likaja, likawafunika.

Nimebaki na kumbukumbu za kikao.
Fomu ina safu ya jina, ya anwani, ya wanaounga mkono na wanaopinga.
Kimya hakina safu.
Kwenye anwani alikuwa ameacha wazi, nami nikaacha wazi.
Kwenye muda nikaandika:
Otero, dakika tatu kamili.